Bafu la Euro Mia Tisa

Innerbach, Montafon
Jumatatu, 19 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Luzia,

U hali gani huko upande wa pili wa dunia? Shemeji Rewi mgongo umempoa? Na Maia, meno ya mbele yameota, au bado anapiga mluzi kila akizungumza? Mwambie mama mkubwa wake anamfumia soksi. Moja tayari. Ya pili inangoja hasira zangu zipungue, maana nikifuma na hasira nyuzi zinakaza na mguu wa mtoto hauwezi kupita.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana. Nyonga inamsumbua, lakini mdomo wake haujawahi kuugua hata siku moja. Arno wangu ana kikohozi chake cha kila Februari, kile ambacho yeye anasema si kikohozi. Theluji mwaka huu imetunyima. Mteremko wa chini, ule tuliojifunzia kuteleza kwa skii tukiwa wadogo, una majani na matope, na wageni wanapigia picha matope hayo kana kwamba sisi ndio tulioyaagiza.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa makusudi. Kwenye lile kundi letu la simu kaka Meinrad anasoma kila neno, na wewe nikikuandikia jambo zito unanijibu kwa kijimoyo chekundu. Kijimoyo hakinisaidii, Luzia. Barua hii isome ukiwa umekaa, na chai mkononi.

Nasikia umeshamwambia Meinrad afanye atakavyo na nyumba yetu ya wageni, na kwamba karatasi zikifika utatia sahihi. Umenikata maini. Hivi ulimuuliza anataka kufanya nini hasa? Anataka kung'oa paa la Baba. Anataka kuongeza ghorofa mbili, vyumba vya kuta za vioo, na bwawa la maji moto juu kabisa, mahali ambapo sasa hivi naanika shuka. Benki imekubali kumkopesha, nyumba ikiwa rehani, na deni lenyewe ni la kumalizwa na Maia akiwa bibi kizee.

Nilimwuliza nani atalipa bei atakayolazimika kutoza. Akanijibu, “Watu wanalipa, Ilga. Wanalipa na wanasema asante. Tatizo lako hujawahi kulala mahali popote zaidi ya kitandani kwako.”

Basi akaamua twende tukajifunze. Unaikumbuka ile hoteli ya vioo waliyojenga juu ya bonde la jirani, pale palipokuwa malisho? Huko. Mimi, yeye na Mama, usiku tatu. Euro mia tisa kwa chumba kimoja kwa usiku mmoja, Luzia, na sisi tulichukua viwili. Alilipa kwa akiba yake. Nilimwambia kwa pesa hizo tungebadilisha madirisha yote ya upande wa kaskazini. Akasema huo ndio umaskini wa mawazo.

Niliweza kuondoka kwa sababu chumba cha akina Lührs kilikuwa kitupu. Unawakumbuka, Mzee Hinrich na Bibi Wiebke wa Bremen, wanaokuja kila Februari tangu wewe hujaolewa? Mwezi wa kumi na moja waliandika kwamba goti la mzee limegoma na daktari amemkataza safari. Nilisikitika kama ndugu. Niliwatumia jibini na kadi ya kumtakia nafuu. Arno akabaki na wageni wengine, nami nikafunga begi huku nimenuna.

Sasa sikiliza. Tunafika, kijana mmoja anamnyang'anya Meinrad ufunguo wa gari kabla hajazima injini. Mwingine anamshika Mama mkono kana kwamba Mama ni yai. Ndani, binti aliyevaa vazi letu la asili, lakini jeusi, fupi na bila aproni, akaniuliza kwa sauti ya kubembeleza, “Na chumbani ungependa harufu gani, Bibi Ilga? Tuna msonobari, tuna majani makavu, tuna asubuhi ya mlimani.”

Nikamwambia, “Mwanangu, nifungulie dirisha tu.”

Akatabasamu. “Madirisha yetu hayafunguki, lakini hewa yetu ni safi kuliko ya nje.”

Nilimtazama Meinrad. Meinrad alikuwa anatazama dari.

Chumbani hakuna swichi. Taa, pazia, televisheni, hata choo, vyote vinaendeshwa kwa kibao cha kioo. Mama alitaka kuzima taa ya kitanda, pazia likafunguka, muziki ukaanza, na kiti cha choo kikapata moto. Alikaa kitandani mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. “Ilga,” akaniambia, “usiguse kitu. Na mimi sigusi kitu. Tutalala na taa.”

Chakula ndicho kilichonimaliza. Kwenye karatasi ya vyakula kulikuwa na “Kumbukumbu ya Riebel”. Riebel, Luzia! Ule unga wa mahindi tuliokaangiwa kwa siagi kila asubuhi ya utoto wetu mpaka tukauchukia. Wakauleta kwenye kikombe cha kuwekea yai, umefunikwa na povu, na juu ya povu kuna ua moja. Mama akalila lile ua kwanza, kwa adabu. Kisha akamwuliza mhudumu, “Hiki ni cha kuonja, au ndicho chakula chenyewe?”

“Ndicho chenyewe, bibi.”

“Haya. Basi niletee na mkate.”

Na muda wote huo kaka yako anapiga picha. Anapiga picha sahani, vijiko, hata taulo lililokunjwa kama bata. Siku ya pili walimkuta kwenye korido amepiga magoti, anapima upana wa mlango kwa tepu. Meneja akamwuliza kama kuna kitu hakijamridhisha. Meinrad akasema amepoteza kifungo. Mwanamume wa miaka hamsini na minane! Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu yenyewe ilikuwa ya mbao za bei hiyo, nikaona hata kumezwa kungeandikwa kwenye hesabu yetu.

Nisiwe mwongo: kitanda kilikuwa kizuri. Asubuhi nilikuta viatu vyangu vya skii vimepashwa moto na kukaushwa, nikavaa bila kutukana, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe. Lakini ukishatoka nje ya mlango ule, umerudi duniani. Lifti ya kupanda mlimani ni ile ile, foleni ni ile ile. Theluji ni ule utepe mwembamba uliotengenezwa kwa mashine, mgumu kama kaunta ya benki, na kila upande majani yamechungulia. Nilianguka mbele ya kijana aliyekuja na mkate wake mfukoni na asiyelipia kitanda popote. Tulicheka pamoja. Mlima haukuuliza nani kalala wapi.

Niliporudi, Mama akasema anataka kuingia kwenye bwawa la maji moto, nyonga inamlilia. Nikampeleka. Bwawa liko nje, mvuke umetanda juu ya maji, na watu wanaonekana vichwa tu, kama viazi vinavyochemka. Nilimshusha Mama taratibu. Kulikuwa na mteremko wa kuingilia, hakuna ngazi, na chuma cha kushikilia pande zote mbili. Mama akafumba macho, akatoa pumzi ambayo sijaisikia ikimtoka tangu kiangazi. Nami nikasema moyoni, haya, hili nawapa.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke nyuma ya mvuke. “Hinni, usisimame haraka. Nimekwambia usisimame haraka.”

Luzia, sauti hiyo nimeisikia kwenye meza yangu ya kona kila asubuhi ya Februari kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikasogea. Mvuke ukapasuka. Bibi Wiebke, na kofia yake ya kuogea ya maua ya manjano. Na Mzee Hinrich pembeni, amekishika kile chuma kwa mikono miwili.

Tukatazamana. Unaweza kufikiria aibu ya kumfumania mtu aliyekwambia mgonjwa, na wote mmevaa nguo za kuogelea?

Mama ndiye aliyefumbua macho. “Ee! Wiebke! Goti la mzee limepona?”

Bibi Wiebke uso ukawa mwekundu, na si kwa sababu ya maji. Akamgeukia Mama, kisha mimi. “Bibi Kreszenz… Ilga… tungewaandikia.”

“Mliniandikia,” nikasema. “Mliniandikia kwamba daktari amekataza safari. Kumbe amekataza kwangu tu. Huku ameruhusu.”

“Ilga, usiseme hivyo.”

“Niseme vipi? Nimewatumia jibini!”

Ndiyo, nilipaza sauti. Vichwa vyote vya viazi viligeuka. Mzee Hinrich, ambaye unajua hasemi maneno kumi kwa wiki, akaniambia, “Nilianguka, Ilga.”

“Wapi?”

“Kwako.”

Na hapo nikaambiwa. Mwaka jana, usiku wao wa mwisho, alikuwa anatoka kwenye lile hodhi la kuogea la ghorofani, lile la ukingo mrefu, la chuma, tulilorithi pamoja na nyumba. Mguu ukateleza. Akaangukia kati ya hodhi na ukuta, akashindwa kuinuka. Bibi Wiebke alimvuta kwa taulo alilompitisha chini ya makwapa. Walikuwa wanasikia sisi chini tunaimba na wageni, na hawakuita. Siku iliyofuata akapanda garini ameuma meno, na mimi nikampungia mkono mlangoni nikimwambia, “Mzee, unazidi kuwa kijana!”

“Kwa nini hamkuniita?” nikauliza.

Bibi Wiebke akasema, “Alikuwa uchi, Ilga. Na wewe ungekuja na Arno, na kaka yako, na upendo wenu wote. Tangu siku hiyo kila mtu kijijini angemwuliza habari za mguu wake. Hinni hakutaka kuwa mzee kwenu. Alitaka abaki yule aliyekuwa anapanda mlima kabla ya kifungua kinywa.”

Mama akanipita. Akasogea kwenye maji mpaka kwa Mzee Hinrich, akamwuliza vile anavyouliza ng'ombe na watoto na mapadri, “Inauma wapi hasa? Hapa, au huku nyuma?” Na yule mzee, badala ya kuona haya, akamwonyesha. Wakakaa pale wawili, nyonga na goti, wanalinganisha maumivu kama watu wanaolinganisha wajukuu.

Nikamwuliza Bibi Wiebke lile swali lililonipeleka kule. “Niambie kweli. Hoteli hii ina thamani ya bei hii?”

Akamtazama mumewe. Mzee Hinrich ndiye aliyejibu. “Haina. Hata nusu yake haina. Chakula ni mzaha, muziki unanifuata mpaka chooni. Lakini bafu lao naingia kwa miguu yangu na natoka kwa miguu yangu. Ninalipa euro mia tisa kwa bafu, Ilga. Hayo mengine wananibandikia juu.”

“Tuliuza mashua,” Bibi Wiebke akasema polepole. Ile mashua yake ndogo ya mtoni, Luzia, ambayo kila mwaka alituonyesha picha zake. Waliiuza ili mzee aoge bila kuogopa kwa wiki moja ya Februari.

Nilikaa ndani ya yale maji mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Sijui nilimkasirikia nani zaidi: wao kwa kunificha, hoteli kwa kuwatoza, au lile hodhi.

Asubuhi ya mwisho nilimweleza Meinrad wakati wa kifungua kinywa. Unadhani alisema nini? Akagonga meza. “Si nilikwambia! Wanataka mabafu! Wanataka hadhi! Ghorofa mbili, Ilga, kila chumba bafu lake la mawe!”

“Wanataka chuma cha kushika na sakafu isiyo na ukingo,” nikasema. “Hawajataka mawe. Hawajataka ghorofa mbili. Mtu mwenye goti bovu wewe unampandisha ghorofa ya nne!”

“Kutakuwa na lifti.”

“Ya nani? Ya benki?”

“Wewe siku zote ni breki! Breki, breki, breki!”

“Na wewe ni gari lisilo na usukani!”

Watu waligeuka. Mhudumu akaleta povu lingine, nadhani kututuliza. Mama akaendelea kupaka siagi kwenye mkate wake, akasema bila kuinua macho, “Mkimaliza kupigana, mmoja wenu amwulize Meinrad lini mara ya mwisho alilala usingizi.”

Meinrad akaweka kijiko chini. Uso ukamwanguka, Luzia, sijapata kuuona hivyo tangu mazishi ya Baba. Akasema, “Mimi sitaki utajiri. Naamka saa kumi alfajiri kuondoa theluji, na ikikosekana theluji naamka saa kumi kuwaza kwa nini haipo. Miaka thelathini. Nilifikiri bei zikiwa kubwa tutaajiri watu. Nataka kulala mpaka saa mbili asubuhi, Ilga. Mara moja kabla sijafa. Usiku wa pili hapa nililala mpaka saa mbili. Nililia bafuni, kwa furaha.”

Nikamkasirikia upya. Miaka yote hiyo tunaishi chini ya paa moja, na ilibidi alipe euro mia tisa ndipo aweze kuniambia kwamba amechoka! Na hesabu ilipoletwa, walikuwa wameongeza maji ya chupa, joho la taulo ambalo Mama alifikiri ni zawadi, na “ushauri wa kibao cha kioo”, yaani msichana aliyekuja baadaye kutuzimia taa. Meinrad alilipa bila kusoma. Mama alilivaa lile joho mpaka garini, na ameendelea kulivaa tangu hapo, jikoni na uani, kuku wakimshangaa.

Sasa ndiyo maana ninakuandikia. Usitie sahihi. Sisemi tusifanye kitu. Nilitaka kusema hivyo nilipokuwa naondoka nyumbani, lakini siwezi tena. Ninachotaka ni hiki: karakana ya Baba pale chini, iliyojaa skii zilizovunjika ambazo Meinrad anaahidi kuzitengeneza, tuifanye vyumba viwili. Hakuna ngazi, hakuna vizingiti, mabafu ya kuingia kwa miguu. Na tuajiri mtu wa kusaidia asubuhi, hata ikibidi mimi niache kwenda na Arno baharini mwezi wa sita. Wewe mpigie Meinrad. Usimwambie habari za nyumba kwanza. Mwulize usingizi. Akikwambia analala vizuri, anadanganya, mwulize tena.

Yeye hajanijibu ndiyo wala hapana. Tulirudi, wiki nzima akanipita kwenye korido kama tarishi asiye na barua yangu. Kisha juzi Jumamosi, vyumba vyote vimejaa wageni, nyumba imenyamaza, watu wanakunywa kahawa, nikasikia kishindo juu kana kwamba mlima umeanguka. Nikapanda mbio. Nikamkuta kaka yako ndani ya bafu la ghorofani, nyundo kubwa mkononi, jasho linamtoka, na lile hodhi la chuma cha kusubu limepasuka vipande kama chungu. Kwa hasira gani alilipiga sijui. Bomba linamwaga maji, vigae vimetapakaa, na mama mmoja wa Stuttgart amesimama mlangoni na taulo lake na sabuni.

“Katikati ya msimu!” nikamwambia. “Meinrad, katikati ya msimu! Watu hawa wataoga wapi?”

Akajifuta uso. “Nilikuwa nalitazama tu,” akasema. “Nikashindwa kuendelea kulitazama.”

Hivi ninavyokuandikia, wageni wanane wanaogea nyumbani kwa jirani, wanavuka barabara na kandambili kwenye baridi, fundi wa bomba hapatikani mpaka Alhamisi, na kaka yako amelala. Ni saa mbili na nusu asubuhi na amelala, na mimi ndiye ninayewasindikiza watu barabarani na mwavuli. Nimechoka naye, Luzia. Nimekataza mtu yeyote asimwamshe.

Nisalimie sana Shemeji Rewi, na mama mkwe wako, na umbusu Maia mashavu yote mawili. Mama anasema ule, unaonekana mwembamba kwenye picha. Arno anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Mungu awalinde nyote na safari zenu, awape usingizi mzuri na magoti mazuri, na atukutanishe uso kwa uso kabla mtoto hajanipita urefu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata siku ambazo simpendi mtu mwingine yeyote,

Ilga